“Anayesema Hatendi”: Kweli na Uongo Kuhusu Kujiua

Marehemu akiwa amejitoa uhai mwenyewe, msiba huwa na minong’ono ya aina yake. Swali ni moja, jamvini hadi jikoni: kwa nini? Majibu nayo hayakosi. Ni mapenzi. Ni pepo. Alikuwa mwoga wa maisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya 720,000 hufa hivyo kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hii ni sababu ya tatu ya vifo. Watafiti wamelihangaikia swali hilo kwa zaidi ya karne moja, na waliyoyapata hayafanani na yale tunayoambiana msibani.

“Mwafrika hajiui, hayo ni mambo ya Wazungu.” Si kweli.

Dhana hii iliwahi kuvaa koti la sayansi. J.C. Carothers, daktari wa kikoloni aliyeiongoza hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, alidai kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika. Hesabu zake zilitokana na waliofikishwa hospitalini. Mama aliyejifungia ndani, halali wala hali, hakumfikia. Mwaka 1960 mwanaanthropolojia Paul Bohannan alihariri kitabu kuhusu mauaji na kujiua barani Afrika, na humo wamo Waluo na Waluhya wa Kenya, pamoja na Wasoga, Wagisu na Wanyoro wa Uganda. Leo, katika kila vifo 100 vya namna hii duniani, 73 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu.

“Ukimuuliza, unamtia wazo.” Si kweli.

Huu ndio uongo unaoniuma zaidi, kwa sababu huwafunga mdomo watu wenye upendo. Mwaka 2005 Madelyn Gould na wenzake walichapisha jaribio lililohusisha wanafunzi 2,342 wa sekondari katika jimbo la New York. Baadhi yao waliulizwa waziwazi kama wamefikiria kujiua, wengine hawakuulizwa. Siku mbili baadaye, walioulizwa hawakuwa na mawazo hayo zaidi ya wenzao. Tena wale waliokuwa na dalili za sonona walionekana kupata nafuu kidogo baada ya kuulizwa. Mapitio ya tafiti 13 yaliyotoka mwaka 2014 hayakupata hata moja iliyoonyesha kwamba swali huongeza mawazo hayo kwa kiwango cha maana kitakwimu.

Basi uliza, na uulize kwa Kiswahili kinyoofu: “Je, umewahi kufikiria kujiua?” Usiseme, “Hufikirii kufanya ujinga, sivyo?” Swali la namna hiyo limeshamchagulia jibu, naye atakupa hilo unalolitaka.

“Anayesema hatendi.” Si kweli.

Wengi waliofariki walikuwa wamemdokezea mtu, mara nyingine kwa mafumbo. Sikiliza hasa maneno haya: “Mimi ni mzigo tu kwenu.” “Mngepumzika nisingekuwepo.” Thomas Joiner, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye baba yake mwenyewe alijiua, aliandika mwaka 2005 kwamba hamu ya kufa huota pale mambo mawili yanapokutana: mtu kujiona hana kwao, na kujiona mzigo kwa wapendwa wake. Ukisikia maneno hayo, usiyaite deko.

“Anayejiua ameamua kufa.” Kuna ukweli kidogo, na kosa kubwa.

Mwaka 1949 mwanasaikolojia Edwin Shneidman alikuta mamia ya barua zilizoachwa na watu waliojiua kwenye kumbukumbu za serikali huko Los Angeles, na kazi iliyoanzia hapo ilidumu maisha yake yote. Alifikia kuamini kwamba kinachotafutwa ni mwisho wa maumivu ya nafsi yasiyovumilika, na kifo huonekana tu kama mlango uliobaki wazi. Daktari wa akili Aaron Beck alionyesha uzito wa kukata tamaa. Mwanasaikolojia Rory O’Connor wa Glasgow anazungumzia hali ya kushindwa na kunaswa pasipo njia ya kutokea.

Hali hiyo hupanda na kushuka. Mwaka 1978 Richard Seiden alichapisha ufuatiliaji wa watu 515 waliozuiwa kujiua dakika za mwisho huko California. Miaka mingi baadaye, zaidi ya asilimia 90 walikuwa hai au wamekufa kwa sababu nyingine za kawaida. Kwa hiyo kumkalia mtu usiku kucha, na kumwekea mbali vitu vya hatari, si kuahirisha yasiyoepukika.

“Alijiua kwa sababu ya mapenzi.” Nusu ya habari.

Vichwa vya habari hupenda sababu moja. Mwaka 2017 Joseph Franklin na wenzake walikusanya tafiti 365 za miaka 50, wakakuta kwamba hakuna kiashiria kimoja kinachotabiri kwa uhakika. Kuachwa, deni au mtihani huangukia juu ya mengine yaliyokwisha kumlemea mtu.

“Kumtisha kwa jela kutamzuia.” Si kweli.

Hofu ya polisi humfanya mgonjwa afiche yanayomsibu. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Ilikuwa imechelewa mno.

“Maneno matupu hayasaidii.” Si kweli.

Daktari Jerome Motto wa San Francisco aliwafuatilia watu 843 waliotoka hospitalini wakakataa kuendelea na matibabu. Baadhi hawakuandikiwa. Wengine walipelekewa barua fupi kwa miaka mitano, 24 kwa jumla: tunakukumbuka, tunatumaini u mzima. Hakuna barua iliyomdai mtu kitu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba walioandikiwa walijiua kwa kiwango cha chini, hasa katika miaka miwili ya mwanzo.

Kama kuna mtu aliyekujia akilini ukisoma haya, mpigie leo. Muulize, msikilize bila kumhukumu, mfikishe hospitali. Na kama ni wewe mwenyewe, mwambie mtu mmoja kabla jua halijazama. Kenya piga 1199, bila malipo. Kwa mtoto, Kenya na Tanzania, ni 116.