Kweli au Uongo: Tairi la Tela Linaloisha Upande Mmoja

"Tela halina usukani, alaimenti ya nini?"

Uongo, tena wa gharama. Ekseli za tela zinatakiwa zikae mraba na kingpini. Bushi zikilika au yubolti zikilegea, ekseli inavutika upande mmoja. Egesha tela mahali tambarare, shika tepu, pima kutoka kingpini hadi katikati ya habu ya kushoto ya ekseli ya mbele, kisha ya kulia. Tofauti ikizidi milimita 3, kuna kazi ya kufanya. Wengi hudharau sentimita moja. Basi tupige hesabu: kwenye ekseli yenye upana wa mita 2, sentimita hiyo moja huyaburuza matairi kwa ubavu mita 5 katika kila kilomita. Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Ukifika, matairi yale yamesugua lami kwa ubavu zaidi ya kilomita 4, na mzigo uko juu yake.

Kabla ya tepu, tumia mkono. Hakikisha hakuna waya uliochomoza, kisha pitisha kiganja juu ya kashata za tairi kutoka nje kwenda ndani, urudishe. Kwenda kukiwa laini na kurudi kukakwaruza kama meno ya msumeno, tairi linaburuzwa.

"Jua likiwaka, punguza upepo."

Uongo, na huu unaua. Upepo lazima upande tairi likipata moto. Hilo linajulikana tangu kiwandani. Ukiupunguza njiani, tairi likipoa linabaki na upepo mdogo, linajikunja zaidi, linazidi kuchemka, mabega yote mawili yanalika, na mwisho linapasuka. Fikiria hilo likitokea kwenye kona za mlima Kitonga. Pima upepo asubuhi, kabla gari halijatembea.

"Tairi la ndani likipungua upepo, la nje litabeba."

Kweli, litabeba, na ndiyo hatari yenyewe. Pacha hao huzunguka pamoja. Aliyenywea ni mfupi, kwa hiyo anaburuzwa huku mwenzake akizidiwa na mzigo. Utingo anayegonga tairi kwa rungu hawezi kujua kwamba limepungua robo. Geji inajua.

"Bapa moja tu kwenye tairi ni breki."

Kweli mara nyingi: gurudumu lilikamata likateleza bila kuzunguka. Lakini mabonde yanayofuatana kuzunguka tairi zima yanakupeleka kwenye beringi zilizolegea au shokapu zilizokufa.

"Libadilishe nafasi tu, litajisawazisha."

Uongo. Ekseli iliyopinda italila na lile utakaloweka mahali pake. Na kabla hujalifungua la zamani, liandike kwa chaki: ekseli ya ngapi, kushoto au kulia, ndani au nje. Likishatupwa kwenye rundo la gereji bila alama, fundi hana tena pa kuanzia.