Homa Inayopanda Mlimani

Anayepanda basi Mombo kwenda Lushoto huanza safari akijipepea na huimaliza akitafuta sweta. Ni mwendo wa kilometa 33 hivi tu. Lakini Mombo iko kama meta 400 juu ya usawa wa bahari, na Lushoto karibu meta 1,400. Kwa kawaida, kila tukipanda meta 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi, kwa kuwa hewa inayopanda hutanuka, na ikitanuka hupoa. Mvua nayo hufuata mlima. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hulazimika kupanda milima ya Usambara, hupoa na kuiangusha mvua huko juu. Ukifika upande wa Mkomazi umekwisha kukauka.

Haya yanahusu nini ukurasa wa afya? Yanahusu malaria. Mbu akimwuma mgonjwa hawezi kuambukiza siku ile ile. Vijidudu lazima kwanza vikomae ndani ya mbu huyo. Penye joto la nyuzi 25 huchukua siku 12 hivi. Penye nyuzi 20 karibu wiki nne, na mbu wengi hufa kabla. Chini ya nyuzi 16 havikomai. Kumbe baridi tunayoilalamikia inatulinda!

Hata hivyo ulinzi huo uko katika hewa ya mlimani, haumo mwilini mwetu. Mtu wa nyika aliyeugua mara nyingi tangu utotoni mwili wake umezoea kiasi. Wa mlimani hajazoea, na akiugua huzidiwa upesi, hata awe mtu mzima mwenye nguvu. Mama mjamzito ndiye wa kuhofiwa zaidi.

Basi familia hushuka nyika kulima mpunga, hulala kibandani bila chandarua, kisha hurudi nyumbani wakiwa wazima. Homa huanza siku 7 hadi 14 baada ya kuumwa na mbu, pengine baadaye zaidi, wakati safari imekwisha kusahauliwa. Mtoto akitetemeka tunasema ni baridi ya kwetu. Tunamfunika blanketi, tunampa chai ya tangawizi, na siku mbili zinapotea. Kwa mtoto mdogo siku mbili zaweza kuwa nyingi mno.

Anayeshuka kulima afunge chandarua chenye dawa pamoja na jembe lake. Akipata homa baada ya kurudi, apimwe damu siku hiyo hiyo, na akipewa dawa mseto azimalize hata kama amepata nafuu. Tena amweleze mganga wa zahanati alikolala majuma yaliyopita, bila kungoja aulizwe. Mganga anayemwona mtoto wa Lushoto ndani ya sweta, akikohoa kidogo, aweza kufikiria mapafu tu.