Picha za Unguja Tuziandike Majina

Kila aendaye Unguja hurudi na picha: Forodhani, Ngome Kongwe, na msikiti wa Kizimkazi wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria (1107). Nasi tulilipiga picha jumba la Beit al-Ajaib, alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, tukidhani litatungoja. Tarehe 25 Desemba 2020 mnara wake na sehemu ya mbele viliporomoka, na mafundi wawili wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Sura tuliyoijua sasa imo katika albamu zetu. Basi tuandike nyuma ya kila picha mahali, tarehe na majina ya waliomo, ili watoto wetu waliozaliwa ugenini wasirithi karatasi bubu.