Coastal Union na Yanga: Habari za Fainali ya Kombe, 2022

Leo napenda kuwaelezeni habari za mchezo mmoja wa mpira wa miguu, uliochezwa Arusha tarehe 2 Julai 2022. Ingawa Arusha ni mbali nasi, mchezo ule ulikuwa wetu sisi watu wa pwani. Maana mtu wa Bagamoyo akishuka kusini afika Dar es Salaam, kwao Yanga. Na akishika njia ya Msata na Segera afika Tanga, kwao Coastal Union. Timu hizo mbili ndizo zilizokutana siku ile katika fainali ya Kombe la Shirikisho, nasi tulio katikati tukavutwa huku na huku.

Kwanza yafaa kujua tofauti ya ligi na kombe. Katika ligi ya msimu ule timu zilikuwa 16, na kila moja ilicheza na kila mwenziwe mara mbili, nyumbani na ugenini, jumla michezo 30. Atelezaye leo aweza kuinuka juma lijalo. Lakini katika kombe anayeshindwa huondoka, wala hapewi siku ya pili. Kwa sababu hiyo ligi humfaa mwenye wachezaji wengi wa akiba na fedha za kuwalipa. Bali katika kombe hata mnyonge aweza kumwangusha mwenye nguvu, ikiwa siku ni yake. Kombe letu hili lilirudishwa msimu wa 2015/16 baada ya kukaa miaka mingi bila kuchezwa, na mshindi wake hupata njia ya kwenda kushindana na timu za nchi nyingine za Afrika.

Basi, Yanga walikuwa mabingwa wa ligi mwaka ule, na katika michezo yote 30 hawakufungwa hata mmoja. Katika nusu fainali walikutana na Simba, watani wao, uwanjani Kirumba, Mwanza, wakashinda kwa bao moja la Feisal Salum. Coastal Union, timu iliyoanzishwa mwaka 1948 na kuwa bingwa wa nchi mwaka 1988, walikutana na Azam, matajiri wa Chamazi. Hapana aliyeona bao, hata ikapigwa mikwaju ya penalti, na Coastal wakapita.

Fainali ilichezwa katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Wengi walidhani Yanga watamaliza kazi mapema. Kumbe kwa Coastal alikuwako kijana mmoja, Abdul Suleiman, aitwaye Sopu. Yeye ndiye aliyefunga bao la kwanza. Yanga walisawazisha kwa Feisal, kisha Heritier Makambo akawatanguliza. Na wakati muda ulipokaribia kwisha, Sopu akarudisha. Wakaongezewa dakika 30, na Sopu akafunga la tatu! Mtu mmoja kuwafunga mabao matatu mabingwa wasiofungika, tena katika fainali, ni jambo la kusimuliwa barazani. Lakini Denis Nkane wa Yanga alisawazisha, ikawa 3 kwa 3.

Hapo sheria yataka penalti, ambazo vijana huziita matuta. Kila upande hupiga tano, mpira ukiwekwa mita 11 kutoka golini, naye mlinda mlango akibaki peke yake. Watu husema ni bahati tu. Mimi sikubali, kwa kuwa miguu iliyochoka kwa dakika 120 hutetemeka, na mwenye mazoea ya michezo mikubwa hutetemeka kidogo. Yanga walipata 4, Coastal 1. Kombe likaenda Dar es Salaam.

Hivyo Coastal walirudi Tanga mikono mitupu, ingawa katika dakika zote 120 hapana aliyewazidi kwa mabao. Haikupita muda mrefu Sopu akachukuliwa na Azam, wale wale waliotolewa na Coastal katika nusu fainali. Mwaka uliofuata, 2023, fainali ililetwa Tanga kwenyewe, katika Uwanja wa Mkwakwani, lakini wenyeji hawakuwamo. Walitazama Yanga wakiwafunga Azam bao 1 kwa 0.