Kijiji cha Kioo Kule Kitengela

Mtu akipata shamba mahali pakavu, kwanza hujiuliza, "Nipande nini?" Leo nataka uwaze swali jingine: shamba hilo laweza kukulisha bila kulimwa?

Kusini ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, ng'ambo ya bonde la mto Mbagathi, ndipo uwanda wa Kitengela, kaunti ya Kajiado. Miaka ya 1970 ilipokuwa ikiisha, Bibi Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani, alihamia huko na jamaa yake. Hawakuung'oa uwanda wapande mahindi. Walifungua karakana ya kioo. Chupa na vioo vilivyotupwa huyeyushwa katika tanuri, vikawa bilauri, ushanga na madirisha ya rangi. Mwanawe Anselm naye alijifunza kupuliza kioo akafungua karakana yake. Mafundi walifundishwa kazi papo hapo, na nyumba ziliongezeka hata pakawa kama kijiji.

Majirani wao Wamaasai walikuwa na shida kubwa zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1968, malisho yalimilikiwa kwa ranchi za vikundi. Mwaka 1988 ranchi ya Kitengela iligawanywa, kila mwanachama akapata sehemu yake. Basi wengine wakauza. Mji ukapanuka, nyua za waya zikazidi, na nyumbu, ambao wakati wa mvua hutoka mbugani kwenda malishoni, wakazibiwa njia. Ng'ombe nao hukosa pa kuhamia ukame ukija.

Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye mashamba shilingi 300 kwa eka kwa mwaka, ili wasijenge ua, wasilime wala wasichimbe mawe. Fedha zililipwa kwa mafungu matatu, wakati wa kulipa karo za shule. Hazikuwa nyingi, lakini mwenye shamba alibaki na shamba lake na majani yake.

Usidhani nakuambia uache jembe. Penye mvua, lima. Lakini kabla ya kutia sahihi ya kuuza, keti na jamaa yako mpige hesabu: mifugo itatuletea nini? Kazi ya mikono je? Ardhi isiyolimwa si ardhi ya bure. Na eka ukishaiuza, hulipa karo mara moja tu. Mtoto wa pili utamlipia kwa nini?