Mnyama Mzima Mezani

Kwenye kikao cha kupanga sherehe ya kufunga mwaka, mwenzetu mmoja alipendekeza tuchome nguruwe mzima. Amekulia North Carolina, ambako hilo ni jambo la heshima: nguruwe juu ya makaa usiku kucha, kisha siki na pilipili. Mjomba wake ana jiko lake. "Mmoja atatutosha wote," alisema. Kimya. Dada mmoja akachukua mkoba wake, akatoka. Tukahamia ajenda ya muziki.

Usiku nilimpigia Mama. Yeye ni Mchaga, Mlutheri, na nguruwe anamla. Ila kabla sijazaliwa alikuwa muuguzi Riyadh, mtaa wa Al-Shumaisi. Saudia nyama hiyo ni marufuku kuingizwa, kwa hiyo miaka minne hakuionja.

"Uliitamani, Mama?"

"Nilitamani ndafu, mwanangu."

Ndafu, kwa wasiojua, ni mbuzi mzima wa kuchoma anayesimamishwa kwenye sinia harusini, majani mdomoni. Watu huita keki ya Kichaga. Huyo ndiye mnyama tunayemwonyesha watu. Nguruwe hatumwonyeshi. Hata jina lake walaji wa Tanzania hulikwepa: kitimoto, mdudu, mbuzi katoliki. Hupimwa kwa kilo, hukatwa vipande, huletwa na ndizi kwenye kona ya baa. Ni utani, lakini mimi naona ndani yake kuna adabu ya ujirani: kula, ila usimtazamishe jirani kichwa. Na adabu hiyo imewahi kuvunjika. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivamiwa jijini Dar es Salaam.

Mama alikaa chumba kimoja na muuguzi Mfilipino aliyeota lechon, nguruwe mzima wa kwao, ngozi kavu inayovunjika kama kaki. Sikukuu ya Idd wakaalikwa na Msudani wa wodini. Ikaletwa mandi: kondoo mzima juu ya wali, sinia moja, wote chini wakila kwa mkono. Mfilipino alipomwona yule kondoo akalia. Mama naye akalia. Wenyeji wakadhani chakula kina pilipili nyingi.

Kesho yake nilimtafuta dada wa mkoba, nikamsimulia. Akacheka, akaniambia kuna Al-Shumaisi nyingine, kati ya Jeddah na Makka, ndiko ilikokuwa Hudaybiya. Mwaka 628 Waislamu walizuiwa kuingia Makka, wakachinja wanyama wao hapohapo, ngamia mmoja kwa watu saba.

"Nguruwe mwenyewe hakuniudhi," akasema. "Nala meza moja na wanaomla kila siku hapa chuoni. Liliniudhi lile neno 'wote'."

Hapo nilinyamaza, maana nami kikaoni nilikuwa nimetikisa kichwa kukubali. Na klabu hii ina Wasabato wawili, tena ina Mwethiopia wa Kiorthodoksi ambaye hakuna aliyemuuliza.

Aliyependekeza ameomba radhi kabla hatujamwambia kitu. Tumekubaliana: mbuzi mzima, achinjwe halali. Jiko la mjomba halitafaa, limeshachoma nguruwe wengi mno, kwa hiyo tutachimba shimo nyuma ya bweni endapo wenye bweni wataruhusu. Mama ataelekeza kwa video. Atakayepata mbuzi mwenye kichwa chake amwone katibu kabla ya Ijumaa. Wa dukani wote hapa huuzwa bila kichwa, na Mama amesema huyo si ndafu.