Mzuka wa Nyumba ya Mbuni

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Mwalimu wa kikundi, kabla sijaanza, tafadhali andika ubaoni maneno matatu kwa herufi kubwa: MZUKA, KORONGO, MBUNI. Wanafunzi wayasome pamoja kwa sauti. Nitangoja kidogo.

Vema. Mzuka kila mtu ameusikia, hata kama hajauona. Korongo na mbuni ni ndege. Baadaye mtaona kwa nini nimewaleta ndege hao darasani.

Somo la leo limetokana na swali. Mzee mmoja, alipomaliza kusoma kitabu chake cha kwanza, aliniuliza hivi: "Bwana Elimu, maneno ya mdomoni yanaweza kuwa uongo, hilo najua. Lakini neno likishapigwa chapa kitabuni, litakuwaje uongo?" Siku ile sikumjibu vizuri. Nilisema maneno mengi, naye akanitazama tu kwa adabu. Tangu hapo nimekuwa nikitafuta mfano wa kumpa, na huu ndio niliouona kuwa mzuri.

Twendeni Uingereza. Magharibi ya mji wa London, mwendo wa maili kama 17, kuna kijiji kiitwacho Colnbrook. Uwanja mkubwa wa ndege wa Heathrow uko karibu nacho. Katika kijiji hicho imesimama nyumba ya wageni ya zamani sana, jina lake Ostrich, yaani Mbuni. Husemekana kwamba nyumba ya wageni ilianzishwa mahali hapo mwaka 1106. Jengo linaloonekana sasa si la kale kiasi hicho. Mbao zake ni za karne ya 16. Hata hivyo, nyumba ya mbao iliyokaa miaka 400 na zaidi si jambo dogo.

Kwa nini nyumba ya wageni ijengwe hapo? Kwa sababu ya barabara. Barabara kuu ya kutoka London kwenda Bath na Bristol ilipita Colnbrook. Kabla ya gari la moshi, watu walisafiri kwa magari ya kuvutwa na farasi. Farasi huchoka. Kila baada ya maili 10 au 15 ilibidi gari lisimame, farasi waliochoka wafunguliwe, na wengine wafungwe. Pale penye kubadili farasi ndipo palipokuwa na nyumba ya wageni: zizi la farasi nyuma, jiko chini, vyumba vya kulala juu. Tarehe 2 Agosti 1784 gari la kwanza la posta la namna hii liliondoka Bristol saa kumi jioni, likafika London saa mbili asubuhi. Saa 16 njiani, usiku kucha. Watu walistaajabia mbio zile! Nyuma ya gari alikaa mlinzi mwenye bunduki na bastola.

Bunduki ile haikuwa pambo. Karibu na Colnbrook, upande wa London, palikuwa na pori la Hounslow, na wanyang'anyi waliopanda farasi walivizia wasafiri humo. Basi mfikirie mgeni aliyefika usiku. Amechoka, ana baridi, ana fedha mfukoni. Hamjui mwenye nyumba. Analala katika chumba asichokijua, na sakafu inalia chini ya miguu yake. Hofu yake ilikuwa na sababu. Na hapo ndipo hadithi yetu inapoingia.

Watu husimulia kwamba zamani, wakati wa Mfalme Henry wa Kwanza, aliishi tajiri mmoja wa mji wa Reading, jina lake Thomas Cole. Alifanya biashara ya nguo, naye alizoea kulala Colnbrook akienda na kurudi London. Mwenye nyumba, ambaye watu humwita Jarman, alikuwa na chumba kizuri kuliko vyote, nacho alikiweka kwa matajiri. Lakini kitanda cha chumba kile kilikuwa kimepigiliwa misumari kwenye sakafu, na sehemu ile ya sakafu ilikuwa mlango. Chini yake palikuwa na jiko, na jikoni palikuwa na chungu kikubwa mno cha kupikia pombe. Usiku, mgeni akishalala fofofo, mwenye nyumba na mkewe walichemsha maji, wakachomoa vyuma viwili vilivyoshikilia mlango ule. Sakafu ikafunguka, na mgeni akaangukia chunguni kabla hajapiga kelele.

Wakichukua fedha zake. Maiti wakiitupa mtoni. Farasi wake wakimbadili manyoya asitambulikane. Watu wakiuliza, jibu lilikuwa moja: mgeni ameondoka alfajiri. Hadithi inasema watu 60 walikufa hivyo. Thomas Cole aliponea chupuchupu mara kadhaa, kila mara kwa jambo dogo tu, lakini usiku mmoja hakupona. Bundi alilia, naye moyo ukawa mzito hata akaandika wasia wake kabla ya kulala. Kilichowafichua wauaji ni farasi wa Cole. Alitoroka, akaonekana, na watu wakaanza kuuliza mwenyewe yuko wapi. Mume na mke wakanyongwa wote wawili.

Tangu hapo, husemwa, Cole na wenzake hawatulii. Wageni wa nyumba ya Mbuni wamesimulia hatua za miguu juu ya sakafu, na baridi ya ghafla chumbani. Wenye nyumba nao waliwahi kutengeneza mfano mdogo wa kile kitanda, wageni wakavuta wenyewe na kuona kinavyoinama.

Sasa, ndugu wanafunzi, tufanye kazi. Hadithi hii tumeipata wapi? Imetoka katika kitabu. Kitabu hicho kinaitwa *Thomas of Reading*, na mwandishi wake ni Thomas Deloney, mfumaji wa hariri aliyetunga pia nyimbo za kuuzwa barabarani. Deloney alifariki karibu na mwaka 1600. Mfalme Henry wa Kwanza alifariki mwaka 1135. Mwalimu, andika tarakimu hizo ubaoni, mtu mmoja atoe hesabu. Mmepata ngapi? Miaka 465. Kati ya mauaji na mwandishi kuna vizazi vingi sana, naye Deloney alikuwa akiandika hadithi ya kuwafurahisha wasomaji. Hakuwa karani wa mahakama.

Tuendelee. Katika kitabu cha Deloney, nyumba ya mauaji haiitwi Mbuni. Inaitwa Crane, yaani Korongo! Wanaoitetea hadithi husema jina lilibadilishwa baadaye. Haya, tuwape hilo. Korongo na awe mbuni, ingawa mmoja huruka na mwingine hawezi. Lakini kitabu chenyewe kinasema kwamba mfalme aliposikia habari ile aliamuru nyumba ichomwe moto mpaka iishe, wala mtu asijenge tena juu ya ardhi ile. Basi akija mtu kutuonyesha chumba cha mauaji, na kitanda kilipokuwa, tumwulize kwa heshima: chumba hiki kiliponaje? Ukiamini kitabu, nyumba iliteketea. Usipokiamini, mauaji umeyapata wapi?

Kuna na neno la mwisho katika kitabu. Kinadai kwamba mto wa hapo uliitwa kwa jina la Cole kwa sababu maiti yake ilitupwa humo. Mto ule unaitwa Colne. Lakini Uingereza ina mito mingine yenye jina hilo hilo: mmoja uko Essex, mwingine uko Yorkshire. Cole mmoja hakuweza kutupwa katika yote. Jina lilikuwapo, na hadithi ikatafutiwa nafasi ndani yake. Hata kwetu hili hutokea: tunakuta jina la kilima, na kisa chake kinafuata baadaye.

Msinielewe vibaya. Sisemi Colnbrook hapakuuawa mtu, wala simwiti mwongo mgeni aliyesikia hatua usiku. Pengine alizisikia kweli. Mbao za zamani hujivuta zikipoa, na hupoa usiku, watu walipolala. Hulia ubao mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetembea. Na kuna jinamizi. Nani kati yenu hajakabwa na jinamizi? Unaamka, macho yako wazi, huwezi kuinua hata kidole, na unahisi kitu kimekukalia kifuani. Madaktari wanaeleza kwamba akili imeamka, lakini mwili bado umefungwa na usingizi. Waingereza wa zamani walisema ni pepo anayewakalia watu kifuani. Mlale katika chumba mlichoambiwa kwamba watu 60 walikufa humo, kisha jinamizi liwajie. Mtaamka mkimtaja Cole kwa jina.

Mimi naona kuna sababu nyingine, nayo ni riziki. Mwaka 1841 reli ya kutoka London mpaka Bristol ilikamilika. Magari ya farasi yakakosa abiria. Nyumba za wageni zilizokuwa zikijaa makelele, farasi, na supu ya moto zikanyamaza. Mwenye nyumba afanye nini? Mzuka hauli, haudai mshahara, na huleta wageni. Ndiyo maana nyumba nyingi za namna hii zina mzuka wake. Nyingi hudai pia kwamba mwizi mashuhuri Dick Turpin, aliyenyongwa mjini York mwaka 1739, alilala kwao au aliruka dirishani kwao. Nyumba ya Mbuni nayo imo. Kama angelala katika zote, asingepata nafasi ya kuiba.

Huko Cornwall, juu ya nyika ya Bodmin, kuna nyumba iitwayo Jamaica Inn, iliyojengwa mwaka 1750. Wafanya magendo walipita huko na shehena zao. Mtu mwenye magendo hapendi mashahidi, na kijiji kinachoogopa mizuka hufunga milango mapema. Mwaka 1936 Daphne du Maurier alitoa kitabu cha hadithi kwa jina la nyumba ile, na tangu hapo wageni hawakukoma kuja.

Basi, mzee wangu uliyeniuliza, kama unanisikiliza: kitabu cha Deloney kilipigwa chapa, na nakala ya mwaka 1612 imehifadhiwa hata leo. Wino wake si uongo. Ni kweli kwamba Deloney aliandika hivyo. Lakini yaliyotokea Colnbrook ni swali jingine, na swali hilo lina maswali yake: nani ameandika, ameandika lini, alikuwapo, na je, maneno yake yanapatana yenyewe kwa yenyewe?

Kazi ya kikundi ni hii. Chagueni hadithi moja ya mahali penu, ya mti, kisima au nyumba ambayo watu huiogopa. Mmoja asimulie, mwingine aandike, mistari 10 tu. Kisha chini yake andikeni jina la aliyewasimulia, na yeye aliisikia kwa nani. Mkifika kwa mtu aliyeona kwa macho yake, wekeni alama ya nyota.

Mwalimu, kusanya karatasi kabla ya taa kuzimwa. Kwaherini, mpaka Jumanne.